Kijana Anapotoka Makao ya Mayatima, Nani Amempima?

Kila Ramadhani inapokaribia, makao ya watoto mayatima katika miji yetu ya Pwani huwa na wageni wengi. Magunia ya mchele na unga huteremshwa, madumu ya mafuta hupangwa ghalani, na mifuko ya tende hugawiwa. Zipo siku za mfungo ambapo watoto hufuturishwa na wafadhili wawili watatu kwa usiku mmoja, hata biriani likabaki. Ni jambo jema, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote wanaolifanya.

Lakini iko siku nyingine katika makao hayo hayo ambayo haina wageni. Ni siku ambayo kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, umri wake umetimia miaka 18, huambiwa kuwa muda wake umekwisha. Hupewa godoro lake, sanduku la bati, vyeti vyake kama vimekwisha kutolewa na shule, na nauli. Lango hufunguliwa, naye hutoka.

Aende wapi? Wengine hurejea kwa ami au shangazi ambaye hawajaonana naye kwa miaka kumi, na ambaye mwenyewe ana chumba kimoja na watoto watano. Wengine hulala kwa rafiki, wiki moja kwa huyu, wiki mbili kwa yule, mpaka wenyeji wakachoka kumtazama mgeni asiyeondoka. Hapo mwenye kochi huanza kurudi nyumbani akiwa kimya, na mgeni akaelewa. Sisi tumezoea kumhesabu mtu kuwa hana makao pale tunapomwona amejikunyata juu ya kadibodi kwenye varanda ya duka baada ya sala ya Isha. Kukosa makao huanza mapema zaidi ya hapo. Huanza siku kijana anapokuwa hana mlango ambao anaweza kuubisha bila ya kuomba radhi.

Msomaji atauliza: je, kijana wa miaka 18, mwenye nguvu na elimu ya sekondari, hawezi kujitafutia? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika jambo dogo ambalo sisi tuliokulia majumbani hatulioni, kwa kuwa tulilipata bila ya kulitafuta.

Mtoto asiyetumwa dukani

Katika nyumba zetu, mtoto wa miaka saba hutumwa dukani. Hupewa noti ya shilingi hamsini, akaambiwa alete chumvi, kiberiti na chenji. Njiani huangusha sarafu, akalia. Siku nyingine hurudi na chenji pungufu, akarejeshwa aende akaidai, naye huona haya, lakini huenda. Akifika miaka 12 anajua kuwa nyanya za soko la Kongowea ni rahisi kuliko za genge la jirani, na anajua ni duka lipi hukopesha na lipi limebandika tangazo la kukataa mikopo. Msichana huketi na mamake jikoni akakuna nazi, akaambiwa atenge tui zito na tui jepesi, akaunguza wali mara mbili, na mara ya tatu hauungui. Humsikia babake akizungumza na mwenye nyumba kwa upole, akiomba muhula mpaka mwisho wa mwezi. Humwona mamake akiweka kando fedha za mchezo kabla hajanunua kitu chochote kingine.

Hapana aliyemwita mtoto huyo akamwambia aketi afundishwe stadi za maisha. Amezipata pamoja na ugomvi, fimbo na vicheko vya nyumbani.

Sasa mtazame mwenziwe aliyelelewa makaoni tangu ana miaka mitano. Maharagwe huja kwa gari, yamo guniani. Kengele hulia, chakula kiko mezani. Umeme hulipwa na ofisi, maji yako bombani, sare za shule huletwa na mfadhili. Akiugua, mlezi humpeleka zahanati na kuzungumza na daktari kwa niaba yake. Nguo za Idi huchaguliwa na mtu mwingine, aghalabu kwa rangi moja kwa watoto wote. Hajawahi kuishika fedha ambayo, akiipoteza, kuna kitu kitakachokosekana. Kijana wa namna hii huenda amehifadhi juzuu kumi na akapata alama nzuri katika hisabati, na asijue pakiti ya unga ni shilingi ngapi.

Hatusemi haya kuwalaumu walezi. Mlezi mmoja mwenye watoto wengi mikononi mwake hawezi kumtuma kila mmoja dukani, na akimtuma mmoja akagongwa na tuktuk, ni yeye atakayeulizwa. Utaratibu wa makao umewekwa ili mtoto awe salama, na usalama huo ni neema kwa mtoto aliyetoka katika njaa au mateso. Ila utaratibu uo huo humfungia nje ya masomo yote ambayo wenziwe waliyapata kwa kukosea. Tena yafaa tukumbuke kuwa wengi katika watoto hawa si mayatima kwa maana ya kisheria ya Kiislamu, yaani aliyefiwa na babake kabla ya kubaleghe. Wana mzazi hai au jamaa. Kilichowaleta ni umaskini, talaka, ugonjwa, au ulevi wa mtu mzima.

Alichokiandika Imamu Nawawi

Watu hudhani kuwa mafunzo ya kujitegemea ni fikra ya mashirika ya kigeni, iliyoletwa kwa semina na kalamu za bure. Kwetu Waislamu fikra hii ni ya zamani, na mahali pake ni katika kitabu kitukufu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha mawalii wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha wakiona kwao uongofu wa kuendesha mambo, wawakabidhi mali yao. Masharti yaliyotajwa ni mawili: kufikia umri, na kuonekana kwa huo uongofu ambao wanavyuoni huuita rushdi. Umri peke yake hautoshi.

Na jaribio hilo hufanywaje? Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), amelieleza katika Minhaj At-Talibin, kitabu cha madhehebu ya Shafii ambacho wanafunzi wa vyuo vya Pwani wamekuwa wakikisoma vizazi kwa vizazi. Katika mlango wa kuzuiliwa mali, anasema kwamba jaribio hutofautiana kwa kadiri ya hali ya mtoto. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza, kununua na kuvutana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa kwa kilimo na kwa namna anavyowatumilia fedha wafanyakazi wa shamba. Mwenye kazi ya mikono hujaribiwa katika kazi yake. Na msichana wa zama hizo hujaribiwa kwa kusokota pamba na kwa kuhifadhi chakula kisiliwe na paka.

Paka huyo wa Imamu Nawawi anastahiki kutazamwa vizuri. Mwanachuoni mkubwa, katika kitabu cha sheria, ameona kuwa kuilinda sufuria ya mchuzi ni ushahidi wa akili ya mtu mzima. Hakuona kuwa jambo hilo ni dogo mno lisiloandikwa.

Kisha anaongeza mambo mawili ambayo kila mwenye makao angeyabandika ukutani mwa ofisi yake. La kwanza, jaribio lirudiwe mara mbili au zaidi, kwani mara moja huenda ikawa bahati. La pili, kwa kauli yenye nguvu, wakati wake ni kabla ya kubaleghe. Na kwa kuwa mkataba wa mtoto mdogo hausihi, mtoto huachiwa avutane bei na muuzaji mpaka mwisho, na inapofika kufunga biashara, walii wake ndiye hufunga. Hebu tulione jambo hilo kwa macho: mtoto sokoni anajadiliana, na mtu mzima amesimama pembeni amenyamaza, yuko tayari kuingia. Mtoto hakuachwa peke yake, wala hakufanyiwa kila kitu.

Mlango huo wa fiqhi unazungumzia mayatima wenye mali. Kijana wa makao ya leo aghalabu hana shamba wala duka la kukabidhiwa. Mali aliyo nayo ni nafsi yake, na hiyo hukabidhiwa yote kwa siku moja, bila ya jaribio hata moja. Kwa maoni yetu, kama fedha za yatima haziruhusiwi kutolewa kwa asiyepimwa, basi yatima mwenyewe ana haki zaidi.

Hesabu ya mwezi wa kwanza

Tufanye hesabu, maana ndiyo inayowatoa vijana vyumbani. Tuseme kijana amepata kibarua cha mjengo cha shilingi 500 kwa siku, na kwa mwezi akafanya kazi siku 22. Hizo ni shilingi 11,000. Amepata chumba cha shilingi 3,500 katika nyumba ya Kiswahili, choo cha shirika. Kabla ya kulala hata usiku mmoja, mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi na dipoziti ya mwezi mwingine, yaani shilingi 7,000 mkononi. Kijana aliyetoka na nauli tu hawezi kuingia chumba hicho hata akiwa na kazi. Hili ndilo shimo la kwanza, na halina uhusiano na uvivu.

Tuseme mtu mwema amemlipia akaingia. Sasa mwezi unaanza. Kodi ni 3,500. Hajui kupika, basi anakula kwa mama ntilie na vibandani: chai na mahamri asubuhi, wali maharagwe mchana, chapati usiku. Akijibana sana ni shilingi 200 kwa siku, ambazo kwa siku 30 ni 6,000. Nauli ya kwenda na kurudi kazini, shilingi 60 kwa siku 22, ni 1,320. Jumla ni shilingi 10,820. Zimebaki 180 za sabuni, maji ya kununua, tokeni za umeme na simu. Siku mbili za mvua bila ya kibarua zinatosha kumtia deni.

Lau kijana huyu angejua kupika, akawa na jiko na sufuria moja, angeweza kula kwa shilingi 120 kwa siku. Tofauti ni shilingi 80 kila siku, nazo kwa mwezi ni 2,400. Fedha hiyo ni zaidi ya nusu ya kodi yake. Kwa hiyo mama anayemfundisha kijana wa kiume kuchemsha maharagwe mara moja kwa siku mbili, kuyahifadhi yasichache, na kuyaunga kidogo kidogo, anamlinda asifungiwe chumba. Desturi yetu ya kumwona mvulana jikoni na kumcheka haina nafasi hapa.

Deni likishaingia, simu ndiyo humjibu. Mikopo ya simu hupatikana kwa kubonyeza vidole mara tatu, usiku, bila ya mdhamini na bila ya kumtazama mtu machoni. Ndani yake mna riba, na mbali na uharamu wake, kijana asiye na mtu wa kumkopa shilingi mia tano huikuta ndiyo rafiki pekee anayeitika. Hulipa mkopo huu kwa mkopo ule. Anayetaka kumkataza kijana riba, na ampe kwanza namba ya mtu.

Kuna mengine ya kufundishwa ambayo hayahitaji maneno mengi: kuomba risiti ya kodi kila mwezi au kulipa kwa simu ili ushahidi ubakie, kumsalimia jirani na mzee wa mtaa siku ya kuhamia, kufika kazini kabla ya msimamizi, kusema hapana kwa rafiki anayetaka kuhifadhiwa kifurushi chumbani. Hili la mwisho, katika miji yetu ambako unga umeangamiza vijana wengi, lingestahiki makala yake lenyewe.

Kipande

Jambo ambalo huwakwamisha vijana hawa kuliko yote halifundishwi darasani hata kidogo. Ni kitambulisho cha taifa, au kipande kama wanavyokiita wazee wetu. Bila ya kipande, kijana aliyetimiza miaka 18 hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti ya benki, na mwajiri wa maana hamwandiki. Mwenye nyumba mwangalifu hukitaka kabla ya kutoa ufunguo. Polisi wakimkuta usiku, ndicho cha kwanza kuulizwa.

Na kukipata ni lazima awe na cheti cha kuzaliwa, na huulizwa nakala ya kitambulisho cha mzazi. Kwa mtoto wa nyumbani, mzazi huingia kabatini akatoa. Kijana aliyeokotwa akiwa mchanga, au aliyeletwa makaoni bila ya karatasi yoyote, hana kabati. Anahitaji barua ya chifu, maelezo ya Afisa wa Watoto, amri ya mahakama iliyompeleka makaoni, na mtu mzima wa kwenda naye kutoka dirisha moja hadi jingine. Karatasi hizi hazipatikani kwa wiki moja. Zianze kutafutwa mtoto angali ana miaka 14 au 15, wakati faili lake bado linajulikana liko wapi na aliyemleta bado yuko hai. Makao ambayo yamefunza ushonaji, kompyuta na mapishi, kisha yakamtoa kijana bila ya kipande, yamemjengea nyumba bila ya mlango.

Ufundi nao una karatasi zake. Kijana ambaye hakufanya vizuri shuleni asidhani ameharibikiwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hufanya mitihani ya ufundi kwa ngazi tatu, akianzia mtu Gredi ya Tatu na kupanda hadi ya Kwanza, na aliyejifunza kazi kwa fundi wa mtaani anaweza kuufanya. Fundi wa umeme au mshonaji mwenye karatasi hiyo huzungumza bei kwa sauti nyingine.

Binti asiye na walii

Kwa msichana hatari ni kubwa zaidi, na mlango wake huwa na sura ya hisani. Mvulana asiye na pa kulala hulala nje. Msichana asiye na pa kulala hupata mtu wa kumkaribisha kwa haraka ya kutisha: mwanamume mwenye chumba, bibi anayetafuta mtumishi wa kulala humo humo, au wakala anayeahidi kazi ya nyumbani Ghuba na kutaka pasipoti ikae kwake. Binti aliyelelewa kwa kutii kengele hajafunzwa kuuliza mshahara ni kiasi gani, siku ya mapumziko ni ipi, na nani atakuwa na ufunguo wa chumba chake. Maswali haya matatu na ayafanyie mazoezi kwa sauti, mbele ya mwanamke mzima, mpaka ayazoee mdomoni, kama alivyoizoea Fatiha.

Kisha huja posa. Akina mama wanaosoma gazeti hili wanajua posa ni mazungumzo ya watu wengi: nani amemwona mchumba, nani amekwenda kuuliza msikitini kwake, nani atakaa upande wa bibi harusi siku ya kutajwa mahari. Binti wa makao huenda akaposwa akiwa peke yake, akajibu peke yake, na mahari akatajiwa yoyote. Sheria yetu haikumwacha bila ya walii, maana asiye na walii, kadhi ndiye walii wake, na mahakama za makadhi tunazo. Lakini kadhi hufunga ndoa. Hafanyi kazi ya shangazi. Ndoa ikiingia matata mwezi wa sita, kwao ni wapi pa kurudi? Wanawake wengi wenye kwao huvumilia au huondoka wakijua kitanda chao cha usichana kipo. Huyu hajui.

Na kuhusu nasaba, Suratul-Ahzab, aya ya 5, imelifunga suala: wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini na ni wetu. Minong'ono ya barazani kuhusu asili ya binti haina pa kuegemea.

Sheria imesogea

Serikali haikulala katika jambo hili. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikaribisha mwaka 2009 miongozo ya malezi mbadala ya watoto, ambayo inataka kijana aandaliwe kabla ya kutoka na afuatiliwe baada ya kutoka. Mwaka huo huo vijana wa Kenya waliokulia makaoni waliunda chama chao, Kenya Society of Care Leavers, ili wasemewe na wenyewe. Kenya ikatoa miongozo yake ya malezi mbadala ya kifamilia mwaka 2014, na Novemba 2017 ikasimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mwaka 2022 yalikuja mawili: Sheria ya Watoto, Nambari 29, na Mkakati wa Taifa wa Mageuzi ya Malezi wa kuanzia 2022 hadi 2032, unaolenga kuwarejesha watoto katika familia badala ya taasisi.

Kwetu Waislamu, Sheria hiyo ya 2022 ina neno la kufurahisha: imeitambua kafala miongoni mwa njia za malezi. Familia ya Kiislamu inaweza kumchukua mtoto kumlea bila ya kumbadilisha nasaba yake, na sheria ya nchi ikaielewa. Hapa tuseme wazi kuwa dawa bora ya yote tuliyoyataja ni hiyo. Mtoto aliyelelewa nyumbani hatumwi semina; hutumwa dukani. Atakayechukua njia hii apitie kwa Afisa wa Watoto, asijichukulie mtoto kwa makubaliano ya mdomo.

Lakini mageuzi yana upande wake wa hatari. Makao yanapofungwa kwa haraka, vijana wa miaka 16 na 17 ndio hutolewa kwanza, kwa kuwa ni wakubwa na hakuna familia inayowagombania. Hao ndio wasiokuwa na muda uliobaki wa kujifunza.

Kazi ya nyumba zetu

Kinachohitajika hakina gharama kubwa, ila kinahitaji watu waje nje ya Ramadhani. Makao yenye vijana wa miaka 15 na kuendelea yanaweza kuwatenga katika chumba chao na jiko lao, yakawapa fedha ya wiki kwa chakula chao wenyewe, na kuwaachia. Wiki ya kwanza watanunua soda na kuku, na Alhamisi watakula ugali na chumvi. Wasiokolewe haraka. Anayekosea akiwa na miaka 16 hulala na njaa ya usiku mmoja, na mlezi yuko mlango wa pili. Anayekosea hayo hayo akiwa na miaka 19 hutolewa vitu vyake nje. Wiki ya tatu wajaribiwe tena, kama alivyosema Imamu.

Vikundi vya akina mama, ambavyo vinaendesha michezo na vyama kwa uaminifu ambao benki zingeuonea wivu, vinaweza kumwingiza msichana mmoja wa makao katika mchezo mdogo, shilingi 50 kwa wiki, alipe kwa kibarua chake cha kusuka ukili au kupika viazi karai. Ajifunze zamu, ajifunze kuaminiwa. Mwenye duka anaweza kumchukua mvulana siku za Jumamosi, amkabidhi mizani na daftari la madeni. Kumkaribisha kijana nyumbani mwishoni mwa wiki ni jambo zuri pia, maadamu limepitia kwa msimamizi wa makao na Afisa wa Watoto, na adabu za hijabu na faragha zimehifadhiwa. Fedha za dipoziti ya chumba zaweza kutoka kwenye zaka, maana kijana huyo hakosi kuwa fakiri. Kamati za misikiti zinaweza kulitengea fungu.

Ipo hadithi kwa Abu Dawud na Ibn Majah, kutoka kwa Anas (R.A.), ya Ansari aliyekuja kuomba. Mtume (S.A.W.) alimwuliza ana nini nyumbani, naye hakuwa na kitu ila nguo moja na bakuli. Viliuzwa kwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha watu wake, ya pili ikanunua shoka. Mtume (S.A.W.) alilitia mpini kwa mkono wake, akamwambia akakate kuni na asimwone kwa siku 15. Yule mtu alirudi na dirhamu kumi. Wengi wetu tunaposimulia hadithi hii hukomea kwenye shoka. Tunasahau mpini uliotiwa na mkono mwingine, na tunasahau kuwa alipewa siku ya kurudi kueleza yalivyokwenda.

Mtume wetu mwenyewe alikuwa yatima. Babake alifariki kabla hajazaliwa, mamake alipokuwa na miaka sita, babu yake alipokuwa na miaka minane. Ami yake, Abu Talib, alimchukua, naye akiwa kijana akawachungia watu wa Makka kondoo kwa ujira na akatoka na misafara ya biashara. Alipomwoa Bibi Khadija (R.A.A.) akiwa na miaka 25, ni Abu Talib aliyesimama kusema katika harusi. Na alipofariki ami huyo, Mtume (S.A.W.) alikuwa na umri wa karibu miaka 50, na mpaka hapo alikuwa bado chini ya himaya yake mbele ya Makuraishi.

Makao yetu mengi yana daftari la wanaoingia: jina, tarehe, aliyemleta. Daftari la waliotoka ni nadra. Linahitaji safu nne tu: jina, namba ya simu, mahali anapolala, na jina la mtu mzima anayempigia kila mwezi. Atakayepeleka gunia la mchele Ramadhani ijayo na aombe kuliona. Likiwa halipo, anunue daftari, kisha aulize ni nani anayetoka mwisho wa mwaka huu, kama kipande chake kimekwisha kutoka, na pilau ya Idi atakula kwa nani.